Roboti Yako Iko Mwezini na Haijibu? Anzia Hapa

Ami yangu ni fundi wa mashine za boti. Banda lake liko karibu na Bandari ya Kale hapa Mombasa, na siku nyingi utamkuta girisi imempanda mpaka viwikoni. Lakini jioni moja nilimkuta anatengeneza mashine bila kuigusa. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu sikioni, anaongea na mvuvi aliyekwama baharini mbele ya ufuo wa Shelly. Mashine inawaka, inakwenda dakika tano, inazima. Akivuta kamba inawaka tena, kisha inazima vilevile.

"Moshi rangi gani?" ami akauliza. "Mafuta yamo? Tikisa tangi nisikie. Haya, lile puto la kwenye mpira wa mafuta, liminye. Gumu, au limenywea?"

Limenywea.

"Basi angalia kifuniko cha tangi. Juu yake pana kiskrubu kidogo. Umekilegeza?"

Hakikuwa kimelegezwa. Tangi lisipopata hewa kwa juu, mafuta hutoka kidogo mwanzoni halafu hugoma, kama kiboksi cha juisi unachokinyonya kwa mrija mpaka kinajikunja. Mvuvi akakizungusha kile kiskrubu, mashine ikanguruma hadi nikaisikia mimi niliyekaa pembeni, na ami akairudia kahawa yake kabla haijapoa.

Watu wanaotengeneza roboti zilizoko mwezini hufanya kazi hiyohiyo aliyoifanya ami jioni ile. Hawazigusi. Wanauliza, wanasikiliza jibu, wanawaza, halafu wanaagiza jambo moja. Moja tu, maana ukiagiza matatu kwa pamoja hutajua lipi lililoponya.

Mwongozo huu ni wa mafundi wadogo, wa miaka sita mpaka kumi hivi. Asiyesoma vizuri asomewe na mkubwa. Michezo yote iliyomo nimeijaribu na watoto wa ndugu zangu na wa majirani, juu ya paa la nyumba yetu Mji wa Kale, na hakuna aliyeumia isipokuwa kanga moja.

Kabla hujaanza

Ijue roboti yako. Huenda ni setilaiti inayouzunguka mwezi bila kutua, au chombo cha kutua chenye miguu, au kigari chenye magurudumu. Zote zina viungo vinavyofanana: kamera ndiyo macho, kompyuta ndiyo ubongo, antena ni mdomo na sikio kwa pamoja, betri ndiyo tumbo, na paneli za sola ni mikono inayotia chakula tumboni.

Pia ujue iko mbali kiasi gani. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Kutoka hapa hadi mwezini ni kilomita 384,400 kwa wastani. Ni kwenda Nairobi mara 800, bila kurudi. Kama basi lingeweza kupanda huko, na kila Nairobi ikachukua saa nane, ungekaa kitini zaidi ya miezi minane, usiku na mchana. Ndiyo maana fundi hatumwi. Ukisahau bisibisi, umesahau.

Dalili: Nimeuliza, kimya

Hii ndiyo dalili inayowatia watu hofu kuliko zote, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Pima moja baada ya moja, ukianza na lililo rahisi.

Huenda hujangoja. Mawimbi ya redio hukimbia kama mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na bado swali lako huchukua sekunde 1.3 kufika mwezini. Jibu nalo huchukua sekunde 1.3 kurudi. Jumla ni 2.6, hata kama roboti haikupoteza muda kufikiri.

Sekunde mbili na nusu ni kitu gani? Tulicheza hivi. Mtoto mmoja awe kigari, afungwe macho. Mwingine awe fundi, amwongoze kwa maneno: mbele, kushoto, simama. Sharti ni moja: kigari kikisikia amri, kiseme "embe dodo, embe dodo, embe dodo" kwanza, ndipo kitii, na wakati kinasema kiendelee na kile kilichokuwa kikifanya. Kigari chetu cha kwanza kilikuwa na miaka saba na haraka nyingi. Fundi alipopiga kelele "simama!" kulikuwa na hatua mbili kabla ya kamba ya nguo. Embe dodo ya tatu ilitoka ndani ya kanga iliyolowa, kitambaa kimembandika uso mzima, na nusu ya nguo za mama yake ziko sakafuni.

Mchezo wa pili fundi alikuwa amejifunza mwenyewe. Hatua moja, ngoja. Hatua moja, ngoja. Hivyo ndivyo kigari cha kwanza kabisa cha mwezini kilivyoendeshwa. Kiliitwa Lunokhod 1, kilitumwa na Wasovieti, kikafika Novemba 1970. Kilikuwa kama karai kubwa lenye kifuniko, juu ya magurudumu manane. Madereva wake walikaa duniani, mbele ya picha zilizokuja mojamoja, si kama filamu. Waliendesha polepole kuliko mkokoteni wa maji.

Huenda Dunia imegeuka. Mwezi ukitua magharibi, antena iliyo Mombasa haiuoni tena, kama wewe usivyouona. Roboti inaongea, lakini wewe umeipa kisogo. Dawa yake ni kuwa na antena pande zote za Dunia. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina vituo vitatu vyenye antena kubwa kama sahani: kimoja California, kimoja karibu na Madrid kule Hispania, na kimoja karibu na Canberra, Australia. Mwezi ukitua kwa mmoja, unachomoza kwa mwingine.

(Pwani yetu nayo haikukaa pembeni katika mambo ya anga. Karibu na Malindi, Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi baharini, juu ya miguu ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti iliruka kutoka pale na ikapewa jina la Uhuru. Haikwenda mwezini, ilikuwa ya kutazama nyota. Lakini nyumbani kwetu hakuna anayeongea habari za anga bila kuitaja, nami sikuweza.)

Huenda roboti iko nyuma ya mwezi. Mwezi hutuonyesha uso mmoja tu. Uso unaouona leo ndio aliouona babu wa babu yako. Upande wa nyuma hatuuoni kamwe kutoka hapa, na watu waliuona mara ya kwanza mwaka 1959, chombo Luna 3 kilipozunguka na kuupiga picha. Redio haipenyi mwezi. Ukitua upande ule, ni kama umeingia kwenye kichochoro cha Mji wa Kale na kukata kona: nikikuita kutoka barabarani, kuta zinameza sauti.

Watoto wa kule kwetu waliitatua hii kabla sijamaliza kuieleza. Mmoja alikwenda kusimama pembeni kwenye kona, mahali anapotuona sisi na anamwona aliye ndani, akawa anapokea na kupitisha. Wachina walifanya hivyohivyo. Mwaka 2018 walituma kwanza setilaiti Queqiao ikakae mahali inapoona Dunia na upande wa nyuma kwa pamoja. Ndipo tarehe 3 Januari 2019 chombo chao Chang'e 4 kikatua upande wa nyuma, cha kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2024 Chang'e 6 ilirudi na udongo wa huko, karibu kilo mbili.

Kama umengoja, antena iko upande sahihi, mwezi haujakuziba, na bado kimya, nenda kwenye dalili ya "Asubuhi imefika na haiamki". Huenda imelala.

Dalili: Jua lipo, lakini betri inashuka

Hapa ndipo fundi mbovu hujulikana. Betri ikishuka, fundi mbovu hulaumu betri.

Januari 2024 chombo kiitwacho Peregrine kiliondoka Marekani kwenda mwezini. Saa chache baadaye mafundi waliona paneli za sola haziliangalii jua, na betri inapungua. Walituma amri ya kukigeuza, kikageuka, betri ikajaa. Tatizo limekwisha? Fundi wa haraka angesema ndiyo. Hawa waliuliza swali la ami: kwa nini kiligeuka chenyewe mwanzoni? Kitu hakigeuki bure, lazima kuna kinachokisukuma.

Wakakiomba kijipige picha. Kwenye picha, lile blanketi jembamba linalokifunika nje lilikuwa limekunjamana. Hilo lilikuwa puto lililonywea. Ndani kulikuwa na vali iliyokataa kufunga sawasawa: gesi ya heli ikaingia kwa nguvu kwenye tangi lisilotakiwa kujazwa kiasi kile, tangi likapasuka, na kilichomo kikawa kinafoka nje kama maji ya bomba lenye tundu. Kule angani, ukifoka kitu upande mmoja, unasukumwa upande wa pili. Kwa hiyo dalili ilikuwa kwenye paneli, ugonjwa ulikuwa kwenye tangi. Tundu halikuzibika, na mwezini hakikufika. Mafundi walikitumia kwa siku chache walizopata, wakavipima vyombo vilivyomo, kisha wakakielekeza kirudi kikaungulie juu ya Bahari ya Pasifiki ya Kusini, tarehe 18 Januari, mbali na watu.

Januari hiyohiyo, dalili ileile iliitokea roboti nyingine, na dawa ikawa kinyume kabisa. SLIM ya Japani ilitua tarehe 20 Januari. Ikajibu vizuri: mimi hapa, nimefika. Lakini paneli hazileti umeme hata kidogo.

Sasa wewe ndiye fundi. Paneli zimevunjika? Vipimo vingine vyote vilikuwa vizima, na si kawaida kitu kimoja kivunjike vipande na jirani zake wasipate hata mkwaruzo. Basi labda paneli ni nzima ila zinatazama pasipo na jua. Zilikuwa zinatazama magharibi, na kule ilikuwa bado asubuhi.

Utaagiza nini? Wao waliagiza izimwe. Betri ilikuwa imebaki asilimia 12. Wewe unaijua asilimia 12, umeiona kwenye simu ya mama, na unajua inavyokufanya uharakishe kutazama katuni ya mwisho. Wao walifunga, wakaacha ile kidogo ibaki, wakangoja jua liende magharibi. Mwezini jua huenda polepole sana, kwa hiyo walingoja zaidi ya wiki. Tarehe 28 Januari mwanga uligusa paneli, na SLIM ikaamka.

Waliijuaje ilivyokaa? Kabla haijagusa chini, SLIM ilidondosha viroboti viwili vidogo. Kimoja kilikuwa mpira wa kutosha kiganja, kilichobuniwa kwa kushirikiana na kampuni ya vitu vya kuchezea. Kikajifungua katikati, kikajiviringisha, kikageuka na kuipiga picha SLIM, kaka yake: imesimama kwa kichwa, miguu hewani. Injini moja kati ya mbili ilikuwa imepotea ikiwa mita kama 50 juu. Na pamoja na hayo yote ilikuwa imetua mita 55 tu kutoka pale walipopakusudia. Mimi naipenda roboti hii kupita kiasi, na ninakiri hivyo.

Dalili: Namba za urefu zinaruka

Hii hutokea wakati wa kutua, na wewe fundi huna la kufanya isipokuwa kushika meza. Chombo kinachouzunguka mwezi huenda zaidi ya kilomita moja na nusu kila sekunde. Ukisema "moja", kimeshavuka Daraja la Nyali mara nne. Amri yako ya "simama!" ingekikuta kimeshapita kamba ya nguo. Kwa hiyo kompyuta hutua peke yake.

Kila mara nikifika hapa mtoto mmoja huuliza, mbona wasitumie parachuti. Chukua mfuko wa plastiki, mfungie jiwe dogo, liachie kutoka ngazini. Parachuti hushika hewa. Mwezini hakuna hewa ya kushika, kwa hiyo parachuti ingekuwa kitambaa kinachofuatana na jiwe kwenda chini. Kinachobaki ni injini kuwasha moto kuelekea chini, kupunguza mwendo kidogo kidogo, mpaka miguu iguse mchanga taratibu. Ili ijue iwake kiasi gani, lazima ijue iko juu kiasi gani. Hupima kwa mwanga wa leza au kwa redio: hupiga chini, huhesabu muda wa kurudi.

Manahodha wetu wa zamani walipima kina cha maji kwa bildi, kipande cha risasi mwishoni mwa kamba. Fikiria nahodha anaingia mlango wa bahari usiku. Baharia anatupa bildi, anapaza sauti: pima tatu! Pima tatu! Pima tatu! Halafu ghafla: pima kumi! Nahodha afanye nini? Aamini kwamba sakafu ya bahari imeshuka, au aseme kamba imekatika?

Aprili 2023 chombo cha Kijapani, Hakuto-R, kilikuta jambo hilo. Kilipokuwa kinashuka kilipita juu ya ukingo wa shimo kubwa, na ardhi chini yake ikaporomoka karibu kilomita tatu kwa mara moja. Kipimo kilisema kweli. Lakini kompyuta ilikuwa imefundishwa kwamba namba ikiruka ghafla hivyo, basi kipimo kimeharibika. Ikaacha kukisikiliza, ikafuata hesabu zake yenyewe. Hesabu zikafika sifuri. Kompyuta ikaamini imefika chini, kumbe bado iko kilomita 5 juu, inaelea pale kwa unyenyekevu kusubiri kugusa mchanga. Mafuta yakaisha.

Sababu haikuwa jicho. Mahali pa kutua palibadilishwa baada ya programu kuandaliwa, na safari mpya, ile ya kupita juu ya ukingo, haikujaribiwa ipasavyo duniani. Fundi akiwa na dalili hii hawezi kukiokoa chombo kinachoanguka. Anachoweza ni kusoma namba zilizobaki, kama vile ami anavyoifungua mashine iliyozama ili ajue iliingia maji wapi.

Wahindi walifanya hivyo. Septemba 2019 chombo chao Vikram kilianguka kikiwa karibu kabisa kufika. Walikaa na namba zake, wakakibadilisha cha pili: miguu imara zaidi, mafuta zaidi, eneo la kutua kubwa zaidi, programu inayovumilia makosa. Chandrayaan-3 ikatua salama tarehe 23 Agosti 2023, kuelekea ncha ya kusini ya mwezi. Siku chache tu kabla yake, chombo cha Urusi Luna 25 kilikuwa kimejigonga kwenye mwezi huohuo, kwa sababu injini iliyotakiwa kuwaka sekunde 84 iliwaka 127.

Dalili: Imefika, lakini imelala ubavu

Jaribu hili jikoni, kwa ruhusa. Weka bilauri ndefu juu ya meza na sinia kando yake. Isukume meza. Sinia litacheka, bilauri itaanguka.

Odysseus, chombo cha Kimarekani kilichotua tarehe 22 Februari 2024, kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita nne. Kikagusa chini, mguu ukavunjika, kikainama. Lakini usikimbilie kulaumu umbo. Uliza kwanza: kwa nini kiligonga kwa nguvu? Kwa sababu leza ya kupima urefu haikufanya kazi. Kwa nini haikufanya kazi? Kwa sababu ilikuwa na swichi ya usalama, na hakuna aliyekumbuka kuifungua kabla ya roketi kuruka. Swichi yenyewe hufunguliwa kwa mkono, na mikono ilibaki duniani.

Kile kiskrubu cha kifuniko cha tangi, wanangu. Hichohicho.

Dawa ni ndogo: kama antena moja bado inaiona Dunia na paneli moja bado inaliona jua, endelea kufanya kazi ukiwa umelala. Odysseus ilituma habari kwa siku kadhaa hivyohivyo.

Dalili: Kigari kinachemka

Tazama vumbi. Vumbi la mwezini si kama la barabara ya Kisauni. Huko hakuna maji wala upepo wa kulisugua, kwa hiyo kila chembe ina makali kama kioo kilichosagwa, na hunata kwenye kila kitu.

Lunokhod 2, mdogo wake lile karai, ilikwenda kilomita 39 mwaka 1973, karibu kama kutoka Mombasa hadi Mariakani. Kifuniko chake ndicho kilichokuwa na sola: mchana kinafunguka kula jua, usiku kinafungwa kutunza joto. Mwezi Mei kifuniko kiligusa ukuta wa shimo, kikazoa udongo. Usiku ulipokaribia wakakifunga kama kawaida, na udongo ukamwagika juu ya sehemu inayotoa joto nje. Jua lilipochomoza, kigari kilikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi saa saba mchana mwezi wa Februari. Hakikupona.

Dawa baada ya kumwagika hakuna. Dawa ya kabla ilikuwa kukung'uta.

Dalili: Asubuhi imefika na haiamki

Mchana wa mwezini ni kama siku 14 za kwetu. Usiku nao ni siku 14, na baridi yake hushuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Mtoto wa Mombasa hana mahali pa kuiweka baridi hiyo kichwani. Friza ya muuza samaki hucheza kwenye nyuzi 18 tu chini ya sifuri. Betri huganda, waya hupasuka.

Kwanza hakikisha kweli ni asubuhi kule. Huhitaji kompyuta, toka nje utazame. Sehemu ya mwezi inayong'aa ndiko kwenye mchana, sehemu ya giza ni usiku. Mwezi ukiwa wa kumi na nne, roboti zote za upande wetu zina jua. Ukiwa hilali, karibu zote zimelala.

Machi 2025, katika siku za kwanza za Ramadhani, sisi tulikuwa tunaitazama hilali kutoka ufukweni Mama Ngina, viazi karai vinatungoja kwenye karatasi. Ilikuwa imelala kama mtumbwi, kama inavyolala huku kwetu. Kwenye ule wembamba, upande unaoelekea kule jua lilikozama, pana doa jeusi la duara liitwalo Mare Crisium. Tarehe 2 chombo kiitwacho Blue Ghost kilitua hapo, jua la pale ndiyo kwanza linachomoza. Kifupi, kipana kama sinia, kikasimama wima. Kilifanya kazi siku 14 mpaka jua likazama, kikaendelea saa chache gizani, basi. Hakikutengenezwa kuuvuka usiku.

Kama yako nayo haikutengenezwa hivyo, iite tu kila asubuhi, hakuna hasara. Wahindi waliilaza Chandrayaan-3 mwanzoni mwa Septemba 2023 betri imejaa, wakaanza kuiita tarehe 22. Haikuitika. SLIM, ile ya kusimama kwa kichwa, nayo haikutengenezwa kwa ajili ya usiku, lakini iliitika baada ya usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Zilizokusudiwa kuishi muda mrefu, kama Chang'e 4, hubeba kijiko kidogo cha moto usiohitaji jua, madini yanayotoa joto yenyewe kwa miaka.

Dalili: Imekufa kabisa

Kabla hujaifuta kwenye daftari, uliza kama ilibeba kioo.

Lunokhod 1, lile karai la kwanza, ilinyamaza Septemba 1971. Halafu hata mahali ilipo pakapotea. Lakini mgongoni ilikuwa na kioo cha aina ya pekee, kilichokatwa kona ndani, ambacho mwanga ukikipiga kutoka upande wowote hurudi kulekule ulikotoka. Tulijaribu paa kwa paa kwa tochi na taa ya kuakisi iliyong'oka kwenye baiskeli. Aliyeshika tochi pekee ndiye aliyeiona ikiwaka, wengine wote waliosimama kando walidhani anadanganya.

Karibu miaka arobaini baadaye, setilaiti ya Kimarekani LRO ilipiga picha mwezi kutoka juu, na kwenye picha kulikuwa na kitone. Aprili 2010 wanasayansi kwenye darubini ya New Mexico wakakilenga kile kitone kwa leza, wakaipiga, wakangoja sekunde mbili na nusu.

Mwanga ukarudi.